Matairi ya gari la porini yasiyochosha abiria: yapi yatangulie

Anayetoka Arusha kwenda Serengeti kwa Toyota Prado hupita kwenye lami hadi lango la Ngorongoro, kisha huingia kwenye changarawe ambayo, hasa kipande cha kuelekea Naabi, lango la kuingilia Serengeti, imejikunja kama bati la paa na hulitikisa gari zima. Kwa safari ya namna hii wanunuzi wengi huchagua tairi kwa kutazama meno yake, ilhali kinachoamua iwapo abiria atafika ametulia au anaumwa mgongo ni ubavu wa tairi: urefu wake, ugumu wake, na upepo uliomo ndani.

Ninaloliweka la kwanza ni tairi la A/T (all-terrain, la lami na porini) ambalo saizi yake haikutanguliwa na herufi LT (light truck, yaani la magari mepesi ya mizigo). Lenye saizi ya 265/65R17 (upana wa milimita 265, ubavu wa asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17) na namba ya uzito 112 hubeba hadi kilo 1,120, kiasi kinachotosha kabisa kwa Prado yenye familia na mizigo yake. Ubavu wake hulegea kidogo kila linapogonga jiwe, hivyo sehemu kubwa ya mtikisiko humezwa na mpira kabla ya kufika kwenye shokapu. Yokohama Geolandar A/T G015 na Bridgestone Dueler A/T 001 yapo katika muundo huu, lakini soma ubavuni mwenyewe kabla ya kulipa, kwa kuwa hiyo G015 hutengenezwa pia kwa LT, na ukiyatazama meno pekee hutaona tofauti.

La pili ni H/T (highway terrain, la barabara kuu). Ni kimya na laini kuliko yote, na kwa mtu ambaye karibu safari zake zote ni za lami ningelipandisha liwe la kwanza. Tatizo lake ni masika, kwa sababu mifereji yake hujaa tope upesi na gari huanza kuteleza.

A/T ya LT, mfano BFGoodrich All-Terrain KO2, naiweka ya tatu. Ubavu wake mnene huhimili mawe makali na mizigo mizito, lakini huhitaji upepo mwingi zaidi ili kubeba uzito uleule, na upepo mwingi juu ya ubavu mgumu ndio unaorusha abiria. Inamfaa anayebeba mapipa ya mafuta na mahema juu ya gari. M/T (mud terrain, la matope) iwe ya mwisho: huvuma kwenye lami, hutetemesha usukani, na faida yake huonekana hasa kwenye tope zito.

Kabla ya kufikiria chapa, angalia rimu. Tairi la 265/65R17 lina ubavu wa milimita 172 hivi, la 265/60R18 lina 159, na la 265/55R19 lina 146, ingawa kimo cha gurudumu zima karibu hakibadiliki. Kurudi kwenye rimu ya inchi 17, iwapo inapita juu ya breki za gari lako, huleta utulivu ambao hakuna chapa ya inchi 19 itakayokupa.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlangoni. Kwenye changarawe unaweza kupunguza psi (kipimo cha upepo) 4 au 5 na kupunguza mwendo pia, mradi uurudishe kabla ya kukimbia kwenye lami, kwani tairi lenye upepo mdogo huchemka na kupasuka.

Mwisho, tafuta tarakimu nne za mwisho za DOT, namba ya utengenezaji iliyo ubavuni: 2324 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Mpira uliokaa dukani miaka mingi hukakamaa, kwa hiyo usikubali seti yenye miaka tofauti hata ukipunguziwa bei.