Tachikoma, kifaru chenye sauti ya mtoto: uzoefu wangu na Ghost in the Shell: Stand Alone Complex

Nimetazama misimu yote miwili ya mfululizo huu wa katuni za Kijapani, na zaidi nitamzungumzia Tachikoma, maana ndiye aliyenifanya niendelee kulipia huduma ya kutazama mtandaoni. Kama unatafuta maroboti makubwa yanayokatana kwa mapanga angani, hapa hutayapata. Ukitaka kuona mashine ya vita inavyoanza kufikiri pole pole, sehemu baada ya sehemu, basi anza leo.

Kwa asiyemfahamu, Tachikoma ni kifaru kidogo cha rangi ya buluu kinachotumiwa na Section 9, kikosi maalumu cha usalama katika Japani ya mwaka 2030. Ana miguu minne yenye magurudumu, mikono miwili, bunduki ya rashasha mkononi, na nyuma ana kibanda anamoweza kuingia mtu akamwendesha. Hufyatua nyuzi zinazonata akapanda nazo maghorofa, na akitaka hatoonekana kabisa. Babu yake ni Fuchikoma wa kwenye manga (hadithi ya katuni ya Kijapani iliyochapishwa) ya Masamune Shirow, iliyoanza kutoka mwaka 1989. Tachikoma mwenyewe alikuja na mfululizo huu wa televisheni, ulioongozwa na Kenji Kamiyama katika studio ya Production I.G na kuanza kuonyeshwa mwaka 2002. Filamu ya Mamoru Oshii ya 1995 nayo ina kifaru chenye miguu, ila kile ni cha kuua tu, hakisemi neno.

Huyu anasema, tena hanyamazi. Anauliza maswali katikati ya operesheni, anashangilia akipewa kazi, ananuna akiachwa. Tachikoma wako kadhaa, na sauti zao wote ni za mwigizaji mmoja, Sakiko Tamagawa, na hapo ndipo pananishangaza kila ninaporudia. Wakikusanyika kwenye banda lao na kuanza kubishana, sauti ni ile ile, lakini unamtambua mbishi, unamtambua mwoga, unamtambua yule anayependa kukaa pembeni na kitabu chake. Kwa hiyo chagua sauti za Kijapani usome maandishi ya chini. Macho yatachoka kidogo, maana mazungumzo ni mengi na mazito, lakini hutajuta.

Jambo lililonishika hasa ni mafuta. Kila siku kumbukumbu za Tachikoma wote huunganishwa ili wawe sawasawa, asiwepo anayejua zaidi ya mwenzake. Lakini Batou, lile jibaba la kikosi, ana mmoja anayempenda, na humletea mafuta ya asili badala ya yale ya viwandani. Kitendo chenyewe ni kidogo, ungedhani kimewekwa kuchekesha tu. Baadaye ndipo unaona wakubwa wanaanza kukitilia shaka: je, ni mafuta hayo yanayowafanya waanze kutofautiana? Mwandishi aliyeweka swali zito namna hiyo ndani ya kopo la mafuta namvulia kofia.

Sehemu ya 12 ya msimu wa kwanza wengi huiruka, wakisema haina uhusiano na kesi kuu ambayo Section 9 inaichunguza. Tafadhali usiiruke. Tachikoma anatoroka kazini, anazurura mjini, anakutana na mtoto wa kike anayemtafuta mbwa wake. Anamsaidia kutafuta, na njiani wanazungumza mambo ambayo kifaru hakuwahi kufundishwa, kifo kikiwa mojawapo. Ukiikosa hiyo, sehemu ya 15 itakupita juu juu. Humo Meja Motoko Kusanagi, anayewaongoza Section 9 wakiwa kazini, anawasikiliza Tachikoma wakijadili nafsi na kifo, anaingiwa na wasiwasi. Silaha inayojifikiria yenyewe, anaona, haiaminiki vitani. Wanaondolewa kazini na kunyang'anywa silaha. Mimi nilimkasirikia Meja, ingawa hoja yake ilikuwa na uzito.

Ambaye hajatazama aruke aya hii. Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza, Batou akiwa amebanwa, baadhi yao wanarudi bila kuitwa na bila bunduki zao kuja kumwokoa, na wanaangamia katika kumwokoa. Na msimu wa pili, wakijua watatoweka, wanaiangusha setilaiti yenye akili zao ili izuie kombora la nyuklia, huku wanaimba wimbo wa watoto. Nililia mara zote mbili.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni ya huduma niliyotumia: majina ya watengenezaji yakianza tu kupita, inakurusha kwenye sehemu inayofuata. Baada ya majina hayo kuna vichekesho vifupi vya Tachikoma, viitwavyo Tachikomatic Days, na hivyo vinakupita bila wewe kujua kwamba vipo. Ingia kwenye mipangilio uzime kucheza kwenyewe. Pia kagua kabla ya kulipia kama vimewekwa. Kwa anayempenda Tachikoma, DVD ni chaguo la uhakika zaidi kuliko kutegemea mtandao na bando.

Ya pili, siasa za msimu wa pili zinachosha. Wakimbizi, mawaziri, majasusi, hotuba ndefu. Kuna jioni nilisimamisha nikaenda kulala. Hata hivyo usirukeruke, kwa sababu uamuzi wa Tachikoma wa mwishoni umesimama juu ya mambo hayo hayo.

Ya tatu ni kwa wazazi. Mtoto akisikia ile sauti na kuona lile umbo la buluu atakuja kukaa karibu nawe. Lakini kuna damu, kuna maiti, na Meja mwenyewe mavazi yake ni ya kuhesabu. Mimi natazama watoto wakishalala, nao nawawekea vile vichekesho vifupi peke yake. Wanavipenda mno.