Uzoefu wangu: vifaa vya kujitengenezea vya kupaka rangi magari madogo

Kati ya vitu vyote vilivyo kwenye meza yangu ya kazi, kinachonipa rangi safi si brashi ya bei wala kopo la rangi lililotoka ng'ambo. Ni chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa mchanga. Nitaieleza kwa urefu kwa sababu naona inastahili.

Napaka rangi vijigari vya chuma vya kipimo cha 1:64 (gari halisi limepunguzwa mara 64), hivi vya Hot Wheels na Matchbox ambavyo vipya vinapatikana supamaketi na vilivyochakaa unaviokota kwenye marundo ya mitumba. Ninachopenda zaidi ni kuvigeuza viwe magari ya Safari Rally. Datsun 240Z ndiyo kipenzi changu: nyekundu, boneti nyeusi, kama ile aliyoshinda nayo Edgar Herrmann mwaka 1971, kabla Shekhar Mehta hajashinda na 240Z nyingine mwaka 1973. Nakaa Mombasa, kwa hiyo ninayosema hapa ni ya hewa ya pwani. Aliye Nairobi au Arusha atapunguza hapa na kuongeza pale.

Sasa chupa. Vijigari hivi kwa kawaida hufungwa kwa ribiti mbili (pini za chuma zilizopondwa vichwa) upande wa chini. Ukizitoboa vichwa kwa biti ya milimita 3, chasisi inaachia, na ndani ya bodi vinabaki vijiguzo viwili. Toboa kila kijiguzo katikati kwa biti ya milimita 1.6, kisha pitisha tapu ya M2 (kifaa cha kuchonga nyuzi za skrubu ya milimita 2) polepole: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, na tone la mafuta ya cherehani. Wengi hufanya hivyo ili waweze kulifunga gari kwa skrubu mwishoni. Mimi tundu hilo nalitumia mapema zaidi. Natoboa kifuniko cha chupa katikati, napitisha skrubu ya M2 ya milimita 16 kutoka ndani ya kifuniko, naifunga nati nne au tano kwa juu, halafu nazungushia bodi kwenye ncha iliyobaki. Kifuniko nakirudisha kwenye chupa, na bodi inasimama juu yake imara.

Zile nati si pambo. Bila nati bodi inalala juu ya kifuniko, na kingo za chini ya milango hazipati rangi. Ukiinua bodi kiasi cha milimita saba hivi, rangi inafika hata kwenye mikunjo ya matao ya magurudumu. Skrubu na nati ndogo namna hii utazipata kwa mafundi wa simu na laptopu, wanazo mikebe kwa mikebe. Mchanga unaipa chupa uzito, haianguki feni ikipuliza. Unashika chupa, unaizungusha utakavyo, kidole hakigusi bodi tangu praima (rangi ya msingi) hadi vanishi. Gari moja likimaliza, unafungua kifuniko, unaliweka likauke likiwa juu ya kifuniko chake, unafunga kifuniko cha gari jingine. Tumia chupa za kampuni moja tu, la sivyo nyuzi za vifuniko hazitaingiliana.

Nimejaribu njia nyingine na hazifikii hii. Tepu ya pande mbili hulegea thina ikipenya, na bodi ikidondoka ingali mbichi kazi yote imeharibika. Sumaku, ambayo wengi huifikiria kwanza, haisaidii kabisa: bodi hizi ni zamaki, aloi ya zinki yenye alumini kidogo, na sumaku haiivuti. Vijiti vya mishikaki vyenye kibanio cha chuma kwenye ncha navisifu, lakini kwa vitu vidogo kama bampa, viti na usukani. Vichomeke kwenye ile foamu nyeupe inayokuja na televisheni mpya, na uiweke mbali na mvuke wa thina kwa sababu thina inaiyeyusha.

Kisanduku cha kupulizia rangi nacho nimejitengenezea: kartoni ya maikrowevu, feni ya kompyuta ya milimita 120 nyuma yake, na adapta ya volti 12 ya ruta ya zamani. Kinaelekea dirishani. Hukumu yangu ni kwamba kinafaa kwa rangi za akriliki za maji zinazopulizwa kwa eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) kwa shinikizo dogo, basi. Kopo la rangi ya kupuliza linatoa ukungu mwingi kuliko uwezo wa feni ile, na ukungu unarudi usoni. Isitoshe, gesi ya makopo mengi inashika moto, na sitaki kuikusanya ndani ya kartoni yenye umeme. Kazi ya kopo naifanya nje barazani, mahali penye kivuli na pasipo upepo. Maelekezo ya kwao ughaibuni husema kopo lipashwe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Hapa kwetu kopo lina uvuguvugu tayari, ruka hatua hiyo.

Adui wa hapa ni unyevu. Thina inapokauka haraka hupoza uso wa rangi, mvuke wa maji uliomo hewani unageuka matone juu yake, na rangi inayotaka kung'aa inageuka ukungu mweupe, hasa vanishi na rangi nyeusi. Wakati wa masika sipulizi laka (rangi ya thina inayokauka haraka) kabisa, nafanya kazi za msasa na kutoboa. Miezi mingine nangoja saa tano asubuhi mpaka saa tisa hivi, umande ukiwa umekwisha. Baada ya kupuliza nafunika gari kwa bakuli la plastiki lililopinduliwa, na bakuli nalikalisha juu ya vifuniko vitatu vya soda ili pabaki upenyo. Vumbi haliingii, mvuke unatoka. Ukilikandamiza mezani bila upenyo, mvuke unabaki ndani na rangi inachelewa kukauka.

Kwa mistari, kama ule unaotenga boneti nyeusi na bodi nyekundu, siri iko kwenye ukingo wa tepu. Ukingo wa tepu ya dukani umeshaokota nyuzi na vumbi. Bandika tepu kwenye kipande cha kioo, kata ukingo mpya kwa wembe na rula ya chuma, kisha uihamishie kwenye gari na kuikandamiza kwa ncha ya kijiti cha meno iliyochongwa butu. Kabla ya nyeusi, puliza tena nyekundu kidogo juu ya ukingo. Kama pana mwanya, nyekundu ndiyo itakayoingia na kuuziba, na nyeusi haitapata njia. Tepu ibanduliwe rangi ikiwa bado haijakomaa, ukiikunja kurudi nyuma na si kuivuta juu. Nikiona mstari umetoka mkali kwenye gari lenye urefu usiofika kidole cha kati, nafurahi kweli kweli.

Vitu vidogo vinavyobaki mezani kwangu daima: bomba la sindano la mililita 2 la kupimia thina, pakiti tupu za vidonge za kuchanganyia tone moja la rangi, na mswaki wa zamani wa kuoshea bodi kwa sabuni ya vyombo kabla ya praima. Rangi ya kucha nyekundu inayopenya mwanga ni nzuri mno kwa taa za nyuma: weka kitone cha rangi ya fedha kwanza kwa kijiti cha meno, iache ikauke, kisha weka nyekundu juu. Taa inawaka kwa ndani. Ni wazo lile lile la Hot Wheels wa kwanza wa 1968, ambao rangi yao ya kupenya mwanga ilipakwa juu ya chuma kilichong'arishwa. Rangi ya kucha isiguse plastiki tupu lakini, kwa sababu viyeyusho vyake vinaila.

Kitu kimoja sikitengenezi na simshauri mtu akitengeneze: barakoa. Kitambaa, barakoa ya hospitali, hata ile ya vumbi, hazizuii mvuke wa thina. Utaendelea kuunusa, na unachonusa kinaingia mwilini. Nunua ya mpira yenye vichungi vya kaboni vya mvuke wa viyeyusho, hata kama ni lazima uahirishe eabrashi kwanza. Hakikisha inakamata vizuri kuzunguka pua na kidevu, maana ndevu huacha mwanya. Ukimaliza kazi, fungia vichungi ndani ya mfuko wa plastiki unaobana, kwa sababu kaboni inaendelea kunyonya hewa ya chumba hata ikiwa imetundikwa tu ukutani. Siku ukianza kunusa rangi ukiwa umeivaa, badilisha vichungi kabla ya kupuliza tena.