Vidonge vya "kusafisha ini na kulinda tumbo", elfu 48 zangu zimeenda

Nilinunua kopo la vidonge 60 famasi moja hapa Mwanza, jina naliacha. Ni kwa ajili ya mzee wangu, amevua Ukerewe tangu kijana kwa iyo kichocho kimemkaa miaka na miaka mpaka kikamharibia ini, mwaka jana akaanza kupata choo cheusi kama lami sisi tukadhani vidonda vya tumbo, tunampa omeprazo tu, ile dawa ya kupunguza asidi. Dada wa dukani akaniambia izi zina vitamini E, C na seleniamu, zinatoa sumu kwenye ini alafu zinajenga ukuta wa tumbo. Nikalipa.

Vyenyewe ni vikubwa jamani, kama haragwe, vinanuka mafuta ya samaki, mzee akimeza kimoja anashushia na vikombe viwili vya maji. Siku 20 choo ni kilekile.

Tukampeleka kipimo cha kamera. Daktari akanionyesha picha, nilishtuka, ukuta wa tumbo una magamba magamba kama ngozi ya chatu! Akasema kijana wangu hiki sio kidonda cha asidi, ini likijaa makovu damu inayotoka tumboni inakosa pa kupita, presha inapanda kwenye mishipa, ukuta unavimba na kuvuja. Ndo maana omeprazo haikusaidia kitu. Akamwandikia propranolo ya kushusha presha ya mishipa hiyo, na prazikwanteli ya kichocho chenyewe, alafu akapiga marufuku diklofenaki aliyokuwa anameza kila mgongo ukimuuma.

Nikatoa lile kopo. Akaligeuza nyuma, kwenye yale maandishi madogo ambayo mimi wala sikuhangaika nayo: vitamini A uniti 10,000. Hiyo inatunzwa kwenye ini hilohilo, ikizidi inaliumiza. Na E ikiwa nyingi damu inachelewa kuganda, sasa mtu anavuja damu tayari unampa ya nini?

Sisemi vitamini E ni utapeli mtupu. Kuna utafiti wa Marekani wa 2010, uniti 800 kwa siku karibu miaka miwili, watu wenye ini la mafuta wasio na kisukari wakapata nafuu. Ila hilo ni ini la mafuta, sio la kichocho, na mambo ya kulinda ukuta wa tumbo mengi yamejaribiwa kwa panya wa maabara. Kwenye kopo hawakuandika panya.

Nyota 2. Moja ya kopo, kifuniko kinabana vizuri mama kawekea mbegu za mchicha, nyingine ya yule dada maana alikuwa na heshima hata niliporudi na vile 40 vilivyobaki akaniambia, "Kaka, likishafunguliwa hatupokei."