TAHADHARI kwa makanisa ya Dar: kuna mtu anauza "leseni ya filamu" ya uongo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naandika nikiwa bado na uchungu, lakini tukinyamaza atawafikia na ninyi.

Jumamosi mbili zilizopita vijana wetu hapa Mbagala walikuwa wanafunga shuka jeupe ukutani kwa ajili ya filamu ya jioni. Akaingia kijana nadhifu, kitambulisho shingoni, faili mkononi. Akasema ni wakala wa leseni za filamu kwa makanisa, kwamba tunavunja sheria ya hakimiliki, na tusipolipa siku ileile atarudi na askari wabebe projekta. Projekta hiyo tuliichangia miezi saba. Mhazini wetu, mama mtu mzima, akaingiwa na hofu akamtumia shilingi 350,000 kwenye simu yake. Tukapewa cheti chenye lamineshi: "ruhusa ya filamu zote duniani, maisha yote, pamoja na kurusha YouTube." Stakabadhi ni ya vile vitabu vya dukani, namba 003. Simu yake haipatikani tena.

Kilichotuponza ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ipo. Ukinunua DVD au ukilipia filamu mtandaoni, umelipia kutazama nyumbani kwako. Kuwaonyesha watu ukumbini ni haki nyingine. Hata Marekani, msamaha wa sheria kwa ajili ya ibada unagusa nyimbo na maandishi, haugusi filamu.

Lakini haki ya filamu iko kwa mwenye filamu, na wenye filamu ni wengi. Nani awezaye kukuuzia zote, tena milele? Leseni halisi za makanisa za huko nje, kama ile ya kampuni ya CVLI ya Marekani, hulipiwa kila mwaka na zina orodha ya watayarishaji. Asiyekuwemo, filamu zake hazimo. Tungelijua hilo moja tu, cheti kile tungemrudishia palepale.

Akija mtu wa namna hii, ulizeni COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, kabla ya kutoa hata senti. Malipo ya serikali yana kontrol namba, hayaendi kwenye simu ya mtu. Kwa filamu zetu za Bongo, mtafuteni mtayarishaji mwenyewe awaandikie barua yenye jina la filamu, kanisa na tarehe. Sisi tulifanya hivyo baadaye, na ndugu yule akatuandikia bila kudai chochote.

Polisi tumeripoti, na namba ya tapeli huyo tumeituma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Jumatano alifika kanisa moja Tandika kwa jina jingine. Mzee wa kanisa akamwomba aache cheti wakakiulizie kwanza. Akaaga kwamba anafuata simu kwenye bodaboda, hakurudi.