Nililipia loki ya difu, nikapewa kizibo cha plastiki

Nilikuwa nimeahirisha kuandika haya nikingoja hasira ipungue, lakini kila ninapoingia garini na macho yangu yakakutana na kile kizibo cheusi kilicho kando ya usukani, naona haijapungua hata kidogo.

Ninalima viazi na kufuga ng'ombe wachache upande wa Mau Narok, na mazao yangu huyashusha mwenyewe hadi Nakuru mjini. Pikapu yangu ya zamani iliponichosha kwa safari za gereji, niliamua kununua mpya ya kebini moja, kwa sababu ile ya kebini mbili hubeba watu vizuri lakini kitanda chake cha mizigo ni kifupi mno kwa mtu wa magunia. Niliamua pia kutochukua daraja la chini kabisa, yaani toleo la bei nafuu lenye vifaa vichache. Nilitaka linalofuata, na nilikuwa na sababu moja tu.

Sababu hiyo haikuwa urembo. Mengi ya yale yanayoongezwa kadiri unavyopanda madaraja ni hasara kwa mtu wa shamba. Sakafu ya raba ya daraja la chini unaimwagia ndoo moja ya maji ikatakata, ilhali zulia la daraja la juu hunyonya matope na kunuka maziwa yaliyomwagika hadi msimu uishe. Vikanyagio vya kupandia mlangoni huning'inia chini ya ubavu wa gari na kukwaruza kingo za makorongo yaliyochimbwa na malori. Rimu kubwa za aloi huvishwa tairi lenye ukuta mfupi, ambalo jiwe moja la barabara ya murramu linatosha kulipasua. Na kila kilo ya mapambo inayoongezwa kwenye gari inaondolewa kwenye mzigo, kwa kuwa uzito wa jumla unaoruhusiwa unabaki ule ule.

Nilichokitaka ni loki ya difu ya nyuma. Asiyepita njia zetu wakati wa masika huenda asielewe kwa nini kitu kidogo namna hiyo kinaweza kumfanya mtu aongeze zaidi ya shilingi 300,000, kwa hiyo nitaeleza. Difu ni gia zilizo katikati ya ekseli zinazogawia magurudumu mawili nguvu ya injini, na ile ya kawaida huliachia nguvu gurudumu lisilo na upinzani, yaani lile lililoingia kwenye tope, nalo huzunguka bure huku mwenzake aliye kwenye ardhi ngumu ametulia. Hata ukiingiza gia ya kusukuma magurudumu yote manne, bado moja la mbele na moja la nyuma yanaweza kuzunguka bure na gari lisisogee. Loki huyafunga magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa pamoja, upende usipende, na lile lililo kwenye ardhi ngumu ndilo hukutoa. Magari mengine hujaribu kuifanya kazi hiyo kwa kulibana kwa breki gurudumu linaloteleza, na sikatai kwamba husaidia, lakini ukiwa na mzigo mlimani na tope limefika kwenye rimu, msaada huo hauwezi kulinganishwa na loki.

Haya yote nilimweleza kijana aliyeniuzia. Alinisikiliza kwa adabu, akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi ya bei maneno "loki ya difu ya nyuma", akanionyesha kwenye kijitabu daraja linaloibeba, nami nikalipa amana siku hiyo hiyo. Benki ilipomaliza yake na gari likafika, nilikabidhiwa funguo mbele ya foleni ya watu, nikatia sahihi karatasi nyingi kwa haraka, nikaondoka na furaha ambayo sijaipata kwa chombo chochote nilichowahi kununua. Ilikuwa kiangazi. Kwa wiki nyingi sikuwa na haja ya kugusa kitufe chochote.

Mvua zilipoanza, nilitoka shambani alfajiri na mpwa wangu tukiwa na magunia 18 ya kilo 50, yaani kilo 900, mzigo ambao gari hili linaubeba bila kulalamika. Kwenye mteremko ulio kabla ya kufikia lami, magurudumu ya kushoto yaliteleza yakaingia mtaroni. Sikuogopa. Niliingiza magurudumu manne, nikashusha gia nzito, na yaliposhindwa nikapeleka kidole kwenye kitufe nilicholipia. Hakikubonyea. Nilibonyeza tena nikidhani kimekwama kwa vumbi, kisha mpwa wangu akamulika kwa tochi ya simu, na hapo ndipo nilipoona kwamba kile si kitufe. Ni kizibo, kipande cha plastiki laini kisicho na alama yoyote, kinachowekwa kuziba tundu la kitufe kwenye magari ambayo hayakupewa kifaa hicho.

Tulishusha magunia yote 18 kwenye nyasi, mvua ikinyesha. Nililipa trekta ya jirani. Mnunuzi aliyekuwa akiningoja Nakuru aliondoka, na aliyefuata alikataa nusu ya mzigo, kwa kuwa viazi vilivyolowa huanza kuoza vikiwa bado guniani. Ningeweza kuyasamehe hayo yote. Mvua ni mvua.

Nisichoweza kusamehe ni nilichoambiwa nilipokwenda kule nilikonunua, nikiwa bado na buti zenye tope. Yule kijana hakuwepo. Nilipelekwa kwa mkubwa wake, ambaye hakuniambia hata niketi. Aliitazama karatasi yenye mwandiko wa mfanyakazi wake, akaitazama miguu yangu, akasema, "Mama, loki ni ya watu wa Safari Rally. Wewe wa viazi unaitakia nini?" Kisha akaigeuza karatasi na kuweka kidole chini kabisa, kwenye maandishi madogo yanayosema kwamba vifaa vinaweza kubadilishwa bila taarifa. Shehena ile, alisema, ilikuja bila loki, na bei ya daraja ni ya daraja zima, wala si ya kifaa kimoja.

Mashindano ya magari ya Safari Rally hupita Naivasha, katika kaunti yetu hii hii, siku chache kwa mwaka, nayo magari yake huwa na kikosi cha mafundi kinachoyangoja. Mimi hupita njia yangu mara tatu kwa wiki na sina fundi anayeningoja. Nilimweleza hivyo. Alijibu kwamba kijitabu nilichoonyeshwa huenda kilihusu soko la nchi nyingine.

Jambo hilo la mwisho, kwa bahati mbaya, lina ukweli, na ni vyema wanunuzi walijue. Jina la daraja halisafiri na gari. Nitoe mfano wa pikapu ambayo siyo yangu: Hilux huko Australia huuzwa kwa majina kama Workmate, SR na SR5, na anayetazama video ya mtu wa huko akidhani atayakuta yale yale hapa kwetu atapotea. Lakini mimi sikuleta video. Nilileta karatasi iliyoandikwa mezani kwao, kwa kalamu yao.

Walinipa nini? Mazulia mapya na huduma mbili za bure. Nilipouliza kama loki inaweza kufungwa baadaye, nilielezwa kwamba haikai kwenye dashibodi bali ndani ya difu yenyewe, kwamba lazima ekseli ifunguliwe, na kwamba fundi wa nje akiigusa tu, waranti ya sehemu hiyo imekufa. Mazulia niliyaacha pale pale mezani. Huduma ya kwanza nimeichukua, kwa sababu ni haki yangu.

Sasa gari lenyewe, maana najua wengi wanataka kujua kama wanunue. Ni zuri. Linapanda mlima likiwa limejaa bila kunilazimisha kushuka gia mara mbili, halili dizeli kama lile la zamani, springi zake za nyuma hazijalegea, na breki hazivuti upande mmoja hata barabara ikiwa na utelezi. Kabla ya mvua ningelipatia gari hili alama tisa kwa kumi, na hata leo, nikiweka moyo kando, sijawahi kuendesha pikapu bora kuliko hii. Hivyo nilikuwa nimepanga kuandika kwamba gari ni la kununuliwa, ila duka lile ndilo la kuepukwa.

Lakini ninapoandika naona siwezi kuishia hapo. Gari na anayeliuza ni kitu kimoja kwa mtu anayekaa kilomita nyingi kutoka duka lingine lolote. Daraja nililolilipia halikuwepo. Nilichopata ni daraja la chini lililopakwa rangi kwenye bampa na kuwekewa skrini ya redio, na kwa bei hiyo siyo pikapu nzuri hata kidogo. Afadhali ningechukua lile la chini kabisa, pesa zilizobaki nikazipeleka kwenye tairi za tope na mnyororo mzuri wa kuvutia.

Shemeji yangu anayelima mahindi upande wa Kitale anataka kununua pikapu ya aina hii hii, na nimeshindwa kumkataza, kwa sababu amelipanda langu akalipenda. Wiki ijayo ninakwenda naye. Kabla hajatoa hata senti moja nitaketi mimi kwenye kiti cha dereva, niwashe injini, nibonyeze kitufe kile kwa kidole changu, na taa ya loki isipowaka kwenye dashibodi tutarudi nyumbani kwa matatu.