Zooniverse au iNaturalist: ipi ifae darasani?

Zote mbili ni tovuti za bure, na zote huwaingiza wanafunzi katika utafiti halisi wa wanyamapori. Tofauti iko kwingine.

Zooniverse, iliyoanza 2009, haihitaji kutoka nje wala kujisajili. Katika miradi kama Snapshot Serengeti, kila picha ya kamera inayojifyatua mnyama akipita huonyeshwa watu kadhaa wamtambue mnyama huyo, kisha majibu yao hulinganishwa. Kwa hiyo mtoto mmoja akimwita swala granti "swala tomi", data haiharibiki. Picha nyingi ni nyasi tupu, au sikio moja tu pembeni. Hapo darasa huanza kubishana, na ubishi huo kwangu ndio somo lenyewe. Intaneti ikikatika, basi, kipindi kimekwisha.

iNaturalist huwatoa nje: wanapiga picha za mimea na wanyama hata bila mtandao, wanapakia baadaye. Ila aliye chini ya miaka 13 hawezi kujifungulia akaunti mwenyewe, na picha yenye ukungu haimsaidii mtu. Usimamizi wote ni wa mwalimu.

Una kipindi kimoja na kompyuta chache? Zooniverse. Una muhula mzima na ua wenye vichaka, hata kama ni wadudu tu? iNaturalist.