Kisanduku cha sayansi cha watoto: uzoefu wangu baada ya miezi saba

Nilikinunua Februari mwaka huu kwenye duka moja la vitabu katikati ya Dar es Salaam, kwa shilingi 68,000. Kwangu si hela ndogo, kwa hiyo nitaeleza kwa urefu kidogo ili mzazi mwenzangu anayefikiria kukinunua ajue anaingia wapi.

Binti yangu, kifungua mimba, ana miaka minane na yuko darasa la tatu. Mdogo wake wa kiume ana mitano, ndiyo kwanza anaunganisha silabi. Siku moja binti alirudi na daftari la sayansi lililojaa vema. Nikamuuliza maji yanakwenda wapi sufuria ikichemka mpaka ikauke. Akanijibu kwa Kiingereza, sentensi nzima, kama ilivyoandikwa daftarini. Nikamwambia, haya mama, sasa niambie kwa maneno yako. Akanyamaza, macho yakamjaa machozi, maana yeye alijua ameshajibu na hakuelewa kwa nini bado namuuliza. Usiku ule nilikosa raha. Wiki iliyofuata nikaenda dukani.

Ndani ya kisanduku kuna vijitabu kumi vya Kiswahili vya kurasa 16 kila kimoja, lenzi ya kukuzia, dira ndogo, kipimajoto cha kioo, sumaku, mabomba mawili ya sindano (bila sindano zake) na mrija wa kuyaunganisha, betri, globu na nyaya, puto, pamba, na pakiti tatu za mbegu. Kila kijitabu kinaanza na hadithi fupi, kisha majaribio matatu au manne, na kila jaribio lina hatua zilezile: Soma, Kisia, Jaribu, Sema.

Hiyo hatua ya pili ndiyo iliyonifanya nikipende kisanduku hiki. Kabla mtoto hajagusa kitu, anatakiwa achore anachodhani kitatokea. Mwanzoni nilitaka kuiruka, nikiona inachelewesha. Jaribio la chungwa likanibadilisha mawazo. Unachukua machungwa mawili, moja na ganda lake, jingine limemenywa, unayatia kwenye ndoo ya maji. Mdogo alichora lenye ganda limezama, kwa sababu "limevaa nguo nyingi". Dada yake akachora yote mawili yanaelea. Tulipoyatia, lenye ganda likaelea na lililomenywa likaenda moja kwa moja chini. Kama wasingekuwa wamechora, wangesema "ehe" na kuondoka. Lakini kila mmoja alikuwa na mchoro wake mkononi, na michoro yote miwili ilikuwa imekosea. Mdogo akachukua chungwa la tatu akawa analibandua ganda kipande kwa kipande, akilirudisha majini kila mara, aone ni wapi litakata tamaa. Nilipowaambia wakate kipande cha ganda wakitazame kwa lenzi, binti akasema lina vitundu kama sponji. Hapo nikajua ameshika jambo, maana "sponji" halikuwemo kitabuni.

Utaratibu wetu sasa ni huu: tunasoma usiku, tunajaribu kesho yake. Binti anasoma kwa sauti, mdogo anauliza, michoro ya kukisia inabandikwa kwenye mlango wa friji, wanalala nayo. Kusoma bila kujaribu palepale kumewafanya wasikilize kwa makini zaidi, kwa sababu wanajua asubuhi hakuna wa kuwakumbusha. Na maneno yanaingia bila kukaririshwa. Juzi mdogo alikuwa anasukuma kiti kwenye zulia, kikagoma, akaniita: "Mama, msuguano umezidi huku." Mtoto wa miaka mitano.

Mbegu za pakiti zilituangusha. Katika maharage kumi yaliota mawili, na mahindi hayakuota kabisa. Nikachukua maharage ya jikoni na mahindi ya kwa jirani, nikayaloweka usiku mmoja, tukayapanga kwenye glasi kati ya kioo na pamba yenye unyevu ili mizizi ionekane. Kote mzizi ulitangulia. Kisha kila mmea ukashika njia yake: haragwe likajikunja kama ndoano, likajinyanyua na kubeba nusu zake mbili juu, ilhali hindi lilitoa jani moja lililojiviringa kama msumari, punje ikabaki ilipokuwa. Binti akailaza glasi moja ubavu bila kuniambia. Baada ya siku mbili mizizi ilikuwa imepinda, imeelekea chini tena. Hilo nalo halikuwemo kitabuni, alilifanya kwa hiari yake.

Kijitabu cha wadudu ndicho bora kuliko vyote. Uani kwetu tuna mlimao, na mara masika yalipoanza watoto wakatumwa na kitabu kutafuta kiwavi. Walirudi wakisema hakuna, kuna kinyesi cha ndege tu kwenye majani. Nikawapa lenzi. Kile kinyesi kilikuwa na miguu! Viwavi wa kipepeo wa michungwa na milimao wakiwa wadogo wana weusi na weupe unaofanana kabisa na kinyesi cha ndege, na ndege haoni sababu ya kukidonoa. Tuliwaweka watatu kwenye ndoo ya plastiki iliyofunikwa chandarua, tukiwabadilishia majani mabichi kila siku. Wakakua, wakajivua ngozi, wakawa wa kijani. Mdogo alipomgusa mmoja kwa kijiti, kiwavi akachomoza pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa, na harufu kali ikamtoa mtoto mbio mpaka mlangoni. Sasa anajua kwamba mdudu asiyeuma wala kukimbia anaweza kujilinda kwa harufu.

Mmoja alikufa. Binti alilia, tukamzika chini ya mlimao wake. Wawili wakajifunga kwa uzi mwembamba kwenye kijiti, wakawa pupa, na zaidi ya wiki mbili hakuna kilichotikisika. Siku ambazo hakuna kinachotokea ni ngumu kwa mtoto, na kijitabu hakisemi lolote kuzihusu. Mimi niliwawekea kalenda, kila asubuhi wanachora pupa hata kama amefanana na jana. Ndivyo walivyogundua rangi yake inabadilika. Kipepeo wa kwanza alitoka asubuhi, mabawa yamekunjamana kama karatasi iliyolowa, mweusi mwenye madoa ya njano. Shule ilichelewa siku hiyo na sijutii.

Sasa niseme kasoro, maana zipo na nyingine ni kubwa.

Vijitabu vimetafsiriwa, na ni wazi aliyeviandika mwanzo haishi huku. Kimoja kizima kinahusu majira manne na theluji. Wanangu wanajua masika, kiangazi, vuli na kipupwe, wanajua kusi na kaskazi kwa sababu babu yao ni mvuvi. Theluji wanaijua kwenye picha ya Kilimanjaro. Kosa lililonikera zaidi, na hatimaye likatufaa kuliko yote, liko kwenye kijitabu cha jua. Kinasema simika kijiti, na saa sita mchana kivuli kitaelekea kaskazini. Tulisimika ufito wa mita moja uani likizo ya Juni, tukaweka kokoto kwenye ncha ya kivuli kila saa. Kivuli kilichokuwa kifupi kuliko vyote kilitokea saa sita na dakika ishirini hivi, urefu wake kama sentimita 58. Binti akaweka dira. Kivuli kilielekea kusini.

Kwanza alisema dira imeharibika. Tukaijaribu kwa dira ya simu yangu, zikakubaliana. Akasema basi ufito umepinda. Tukauangalia kwa uzi wenye jiwe, umenyooka. Akakaa kimya, halafu akauliza kwa sauti ndogo: "Mama, kitabu kinaweza kukosea?"

Nikamwambia kitabu hakikusema uongo, ila kiliandikiwa mtu mwingine. Tulichukua chungwa na tochi, tukachomeka vijiti viwili, kimoja Ulaya, kimoja Dar es Salaam. Dar es Salaam iko kusini ya ikweta, karibu nyuzi 7, na mwezi Juni jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, kwa hiyo kivuli hakina budi kwenda kusini. Desemba kitageuka kiende kaskazini, na huko Ulaya ni kaskazini mwaka mzima. Yote hayo kijitabu hakikuyasema. Binti alichukua kalamu, akaandika pembeni ya ukurasa: "Siyo kwetu. Tumepima."

Usiku ule niliwasimulia habari za Erasto Mpemba. Kisanduku kina kijitabu cha barafu na hakimtaji, jambo ambalo kwa bidhaa inayouzwa Tanzania linaniuma. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndipo unatia kwenye friza. Nafasi ilikuwa ya kugombania, naye akayatia yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza swali hilohilo Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam kuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka. Osborne alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote, na wanasayansi bado wanabishana kama linatokea kweli, na kama linatokea, kwa nini.

Bila shaka kesho yake friji yetu ilijaa vikombe. Maji yetu ya baridi yaliganda kwanza, mara tatu mfululizo. Binti hakufadhaika. Ameandika matokeo, tarehe, na kiasi cha maji, na anataka kujaribu kwa maziwa.

Kasoro nyingine nitazitaja haraka. Globu ilifika imekufa, muuzaji akanibadilishia siku hiyohiyo. Kipimajoto cha kioo hakifai mikono ya watoto, nimekiweka juu ya kabati. Sumaku ndogo zenye nguvu nilizitoa kabisa, na naomba kila mwenye mtoto mdogo afanye hivyo: akimeza mbili zinaweza kuvutana tumboni na kubana utumbo, ni hatari ya kweli. Fundi redio wa mtaani alinipa sumaku kubwa ya spika mbovu. Ukiifunga kwenye mfuko wa nailoni na kuiburuza kwenye mchanga wa ujenzi inatoka na chembe nyeusi zilizosimama kama manyoya. Watoto walicheza nayo saa nzima.

Rangi za chakula za kijitabu cha kemia zilituishia, nikaingia jikoni. Choya iliyochemshwa ni nyekundu: ukitia ndimu inang'aa zaidi, ukitia magadi inageuka ya kijani kilichokolea. Manjano ya mchuzi nayo, ukiyagusisha magadi au sabuni ya mche, yanakuwa mekundu. Bibi yao alikuwa amekaa barazani anatutazama. Akasema yeye anajua hilo tangu usichana, nguo yenye doa la manjano ukiipaka sabuni inafanya wekundu, na dawa yake ni kuianika juani. Binti alimgeukia bibi yake: "Jua linafanya nini, bibi?" Tukachafua vitambaa viwili, kimoja tukakianika, kingine tukakifungia sandukuni. Jioni cha juani kilikuwa kimepauka. Bibi alifurahi sana, na sasa kila Jumamosi anauliza leo tunajaribu nini.

Je, ununue? Kama una mtoto wa miaka sita mpaka tisa, na una nusu saa usiku na saa moja mwisho wa wiki ya kukaa naye, nasema nunua, kwa ajili ya vijitabu na ile hatua ya kukisia. Kama unatafuta kitu cha kumwachia mtoto ajishughulishe peke yake, hakitakufaa, kitaishia uvunguni. Vifaa vyenyewe, ukiacha lenzi na dira, unaweza kuvipata nyumbani, sokoni na kwa fundi. Na wachapishaji wakisoma hapa, ombi langu ni moja: mpeni mwalimu wa hapa vijitabu hivi avipitie, hasa cha majira na cha jua, kabla ya kuchapisha tena. Nyota nne kati ya tano.

Ufito bado umesimama uani. Karibu na tarehe 10 Oktoba jua la mchana litapita juu kabisa ya Dar es Salaam. Michoro iko tayari kwenye friji: wa binti ni ufito usio na kivuli, wa mdogo wake una kivuli kidogo sana, mviringo, kimekaa chini ya ufito kama sahani.